Mume wangu analala fofofo, mimi malori yananimaliza

SWALI

Mama mshauri, salaam nyingi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nakaa Naluwerere hapa Bugiri, kando ya barabara kuu ya Malaba kwenda Kampala. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya nyumbani kwetu. Baba alikuwa mwanajeshi, nikakulia kambini, na mume wangu Kiswahili chake amekipata kwa madereva. Yeye ni fundi wa tairi. Hapa ndipo malori yanapolala, na yanapolala malori fundi wa tairi hakosi posho.

Tumepanga vyumba viwili. Cha mbele kinatazama barabara, na kutoka dirishani hadi lami ni hatua chache tu. Humo ndimo tunamolala, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka minane, na humohumo ndimo ilimo meza yangu ya kusomea. Cha nyuma kimejaa tairi mpya na magunia ya mahindi, maana mume wangu anaogopa wezi. Karibu na sisi kuna tuta. Kila lori likifika pale linashika breki, upepo unafyatuka, magurudumu yanabamiza tuta, halafu dereva anaanza kupanda gia upya. Mabaya zaidi ni yale yanayorudi Mombasa matupu. Kontena likirushwa na tuta, hata sufuria zangu kabatini zinajibu.

Shida yangu ni hii. Walimu wa cheti tunatakiwa sasa tuwe na digrii, kwa hiyo nasoma huku nafundisha, na mitihani iko karibu. Nakaa mezani saa tatu usiku mtoto akishalala. Nasoma ukurasa mzima, nafika chini, sijui nimesoma nini. Narudia. Boda boda isiyo na silensa inapita, narudia tena. Wakati mwingine si gari hata, ni madereva wamesimama chini ya dirisha wanabishana habari za mizani na ushuru, nami najikuta nafuata hoja zao badala ya kitabu changu. Cha ajabu ni kwamba mchana magari ni mengi kuliko usiku, lakini mchana sisumbuki hivyo. Cha ajabu zaidi, mume wangu akiwasha kompresa yake saa saba usiku kujaza tairi la mteja, mimi nageuka ubavu na kulala. Kompresa hainiudhi kabisa. Malori ndiyo yananiudhi.

Yeye analala fofofo. Nikilalamika anacheka: "Wewe umezaliwa kambini, umeamshwa na baragumu miaka yote, leo lori likushinde?" Anasema nitazoea. Nina miaka mitatu hapa, sijazoea. Na hasira imeanza kunitoka vibaya. Juzi asubuhi binti yangu aliangusha mfuniko wa sufuria, nikamfokea mpaka akajificha nyuma ya mlango. Mfuniko tu.

Nimejaribu pamba masikioni, haisaidii. Jirani ananishauri nigandishe trei za mayai ukutani. Mwingine anasema niwashe redio kufunika kelele. Mimi nataka tuhamie ndani kijijini, kilomita tatu hivi kutoka barabarani, lakini mume wangu amekataa katakata, anasema kazi yake iko hapa na mteja wa usiku hangoji. Na shule ninayofundisha nayo iko barabarani, wanafunzi wangu wa P.4, darasa la nne, wanachungulia malori kutwa nzima.

Niambie ukweli, mama. Je, naumwa? Nina roho mbaya? Au kweli kelele inaweza kumfanya mtu hivi?

Mwalimu asiyelala, Bugiri

JIBU

Mwalimu, mwanangu, huumwi, huna roho mbaya, na mumeo pia hadanganyi anapokwambia haoni shida. Mnaishi chumba kimoja na kelele moja, lakini kila mmoja anasikia kitu chake. Nitaanza na kompresa, kwa sababu ndiyo iliyonionyesha mambo yako yalivyo.

Kompresa ile iko mlangoni pako na kwa ukali wa sauti haiko nyuma ya lori. Mbona inakuacha ulale? Kwa sababu unajua ni ya nani, imewashwa kwa ajili ya nini, itazimwa lini, na kesho italeta nini mezani. Lori hulijui. Hujui linakuja saa ngapi, hujui litapiga honi au halitapiga, huwezi kumwambia dereva kitu, na faida yake huioni. Wanaochunguza kero ya kelele wamelijua hili siku nyingi. Ukipima sauti inayofika kwenye nyumba za watu kisha ukawauliza wanakereka kiasi gani, ukubwa wa sauti wenyewe unaeleza takriban theluthi moja tu ya tofauti kati yao. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni mambo kama hayo: sauti ina maana gani kwako, una uwezo gani juu yake, unaitabiri au inakuvamia, na wewe mwenyewe umeumbwaje. Uchunguzi wa mapacha nchini Finland ulionyesha kwamba wepesi wa kuumizwa na kelele kwa sehemu ni wa kurithi. Kwa hiyo hadithi ya baragumu mwambie aiache. Baragumu la kambini lilikuwa na saa yake.

Na hiyo fofofo yake nayo ichunguze. Mpe usiku ambao lori litapita likiburuta tairi lililoisha upepo, uone kama hataruka kitandani kabla dereva hajazima injini. Fundi wa tairi masikio yake hayalali, yamechagua tu ya kusikia. Kwake kila mngurumo unaopunguza mwendo huenda ni mteja. Ndiyo maana hakereki, na ndiyo maana hawezi kukuelewa kwa kukusikiliza wewe ukilalamika. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kelele kwa nchi za Ulaya mwaka 2018 lilipendekeza kelele ya barabara isizidi wastani wa desibeli 53 (desibeli ndiyo kipimo cha ukali wa sauti) kwa siku nzima, jioni na usiku zikihesabiwa kwa uzito zaidi. Walifika kwenye namba hiyo kwa kuwa hapo ndipo takriban mtu mmoja kati ya kumi anasema anakereka sana. Hapohapo, kwa sauti ileile, walio wengi hawasemi hivyo. Basi ni jambo la kawaida kabisa mmoja achanganyikiwe na mwenziwe akorome, hata wakiwa mke na mume.

Lakini sasa hapa nataka utulie, maana wewe umechanganya mambo mawili, na watu wengi wanayachanganya. Kukereka ni jambo moja. Kushindwa kusoma ni jingine. Yanatembea pamoja ila dawa zake si moja.

Kukereka kunategemea moyo wako unavyoipokea sauti. Kusoma hakuombi ruhusa ya moyo. Unaposoma sentensi ndefu, akili inashika maneno ya mwanzo ikingoja ya mwisho, na hapo katikati sauti yoyote inayobadilikabadilika inaingia kwenye foleni hiyohiyo na kuisukuma. Majaribio yamefanywa tangu miaka ya 1970: mtu anapewa orodha ya tarakimu akumbuke kwa mpangilio huku nyuma yake watu wanaongea, naye ameambiwa asiwasikilize. Anakosea zaidi. Anakosea hata kama maongezi ni ya sauti ya chini, hata kama lugha haijui, hata akisema hayakumsumbua. Na kazi ikiwa ni kuelewa ulichosoma, maongezi unayoyaelewa ndiyo mabaya kupita yote. Madereva wako wangekuwa wanabishana Kichina ungepata nafuu kidogo. Wanabishana kwa Kiswahili chako cha nyumbani, na habari ya mizani ni tamu kuliko sura ya tatu ya saikolojia ya elimu, sitakudanganya.

Ukitaka mumeo akuamini, usimwambie tena unavyojisikia. Saa tatu usiku mpe ukurasa mmoja wa kitabu chako, au hata orodha ya namba za tairi kumi na mbili, asome mara moja afunike, akutajie kwa mpangilio. Halafu mrudie na orodha nyingine alfajiri kabla barabara haijachangamka, ndani ya chumba cha nyuma. Hana kero, sawa. Lakini kumbukumbu yake nayo itayumba, na fundi anaheshimu kitu kilichopimwa.

Umeuliza kwa nini mchana magari mengi hayakuumizi kama machache ya usiku. Magari yakiwa mengi, mngurumo unaungana unakuwa kitu kimoja kirefu kisicho na kona. Akili inakizoea kiasi. Usiku kunakuwa kimya, halafu lori moja linatokea, linakua, linabamiza tuta, linapotea. Kila moja ni tukio. Kumbuka pia kwamba sauti haihesabiki kama maharage: magari yakipungua nusu, kipimo kinashuka desibeli tatu tu, tofauti ambayo sikio linaigundua kwa shida, ilhali mishtuko mmojammoja inazidi kuonekana. Na hilo la kuzoea lina nusu ya ukweli. Kuamka kabisa kunapungua kadiri miezi inavyopita. Moyo hauzoei hivyo, unaendelea kupiga haraka lori linapopita hata ukiwa usingizini, asubuhi hukumbuki kitu ila umeamka umechoka. Mumeo naye yumo katika hili. Siku mtakapopita kituo cha afya pimeni presha wote wawili, kwa sababu kelele ya barabara ya miaka mingi imehusishwa na maradhi ya moyo.

Kuhusu mfuniko wa sufuria. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Wamarekani wawili, David Glass na Jerome Singer, waliwaweka watu kwenye kelele kali inayokatika ovyo bila mpangilio wakiwapa kazi ndogondogo. Wakati wa kelele watu walijikaza, kazi zikafanyika vizuri tu. Gharama ilikuja baadaye, kelele ilipokwisha: walikata tamaa upesi kwenye mafumbo magumu, walipitiwa na makosa walipopewa maandishi ya kusahihisha. Kundi jingine lilipata kelele ileile, ila kila mtu alipewa swichi akaambiwa, ikikuzidi bonyeza itazima, lakini tungependa usibonyeze. Hawakubonyeza. Na baadaye hawakuharibika kama wenzao. Kujua tu kwamba mlango upo kulitosha.

Wewe usiku unajikaza, asubuhi unalipa, na mtoto ndiye aliye karibu wakati wa kulipa. Mwombe msamaha kwa maneno, ana miaka minane, anaelewa. Kisha tutafute swichi yako.

Swichi ya kwanza umeniandikia mwenyewe bila kuiona. Mna vyumba viwili, na kile kitulivu mmekipa tairi! Nimecheka, kisha nikasikitika. Watafiti wa Sweden waliwafuatilia wakazi wa nyumba zenye kelele upande mmoja na utulivu upande wa pili, wakakuta kwamba kuwa na upande mtulivu wa kukimbilia kunapunguza usumbufu sawa na kama kelele yenyewe ingepungua desibeli tano. Kwa hiyo chumba cha nyuma kiwe cha kulala na cha kusomea. Tairi na magunia yahamie mbele. Mumeo ataleta habari ya wezi, na ana haki. Atie komeo la maana kwenye mlango wa mbele na nondo dirishani, na kama anaona bado haitoshi, alale yeye huko mbele pamoja na tairi zake, si anasema halisikii lori? Atakuwa karibu na wateja vilevile.

Kabla ya kubeba chochote, pakua kwenye simu programu ya kupima sauti. Simu zetu hizi hazipimi kwa usahihi wa maabara, lakini kulinganisha zinaweza. Iweke mezani chumba cha mbele saa tatu usiku, kisha usiku huohuo muda mfupi baadaye iweke nyuma, milango na madirisha yakiwa yamefungwa jinsi mnavyofunga siku zote. Usitazame namba yenyewe, tazama tofauti. Desibeli kumi pungufu sikio linazisikia kama nusu ya sauti. Ukikuta tofauti ya kumi au zaidi, mjadala umekwisha.

Halafu uzibe mahali sauti inapopita. Ukuta wa tofali si tatizo lako, tatizo ni dirisha, mlango na matundu ya hewa yaliyo juu yake. Sauti ni kama maji, haijali ukuta ni mnene kiasi gani ikipata ufa. Kwa fundi seremala agiza kipande cha ubao mnene kinachokaa sawasawa ndani ya fremu ya dirisha la mbele, pembeni kibandikwe mpira. Mpira mnao, nyumba imejaa mpira. Ziba uwazi ulio chini ya mlango. Hewa ipite upande wa nyuma, na chandarua juu ya kitanda kwa sababu ya mbu. Ila nakuonya kwa nguvu zote: kama mnapika kwa jiko la mkaa ndani, au mnaliingiza ndani usiku wa baridi, usizibe tundu hata moja. Kelele inaudhi, gesi ya mkaa inaua mtu amelala.

Trei za mayai acha zikae na mayai. Zinapunguza mwangwi ndani ya chumba, kidogo, lakini hazizuii sauti inayotoka nje kwa sababu ni nyepesi. Kinachozuia sauti ni uzito na kukosekana kwa ufa.

Pamba nayo inafanya kidogo sana. Tafuta viziba masikio vya sponji, vinapatikana kwenye maduka makubwa ya dawa na kwa wauzaji wa vifaa vya kazi, ukikosa Bugiri agiza Jinja au Mbale. Wengi wanavivaa vibaya kisha wanasema havifai. Kisokote kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma kidogo, kiingize, kishikilie hapo mpaka kivimbe. Kikikaa vizuri kinakata desibeli ishirini hata zaidi. Usivae usiku mtoto akiwa mgonjwa bila kukubaliana na baba yake kwamba zamu ya kusikia ni yake.

Redio. Ya maneno hapana, wala nyimbo zenye maneno wakati wa kusoma, maana unaongeza watu kwenye yale mabishano ya madereva. Ukitaka kufunika, funika kwa sauti isiyobadilika: feni, au sauti ya mvua kwenye simu, ya chini tu, inayotosha kumeza maneno ya dirishani. Mngurumo wa lori hautaumeza, ila mwanzo na mwisho wake hautakuwa mkali hivyo.

Na ratiba nayo ibadilike. Saa tatu usiku umechoka na barabara imechachamaa. Lala na mtoto, amka saa kumi alfajiri usome ukiwa mpya, chumba cha nyuma. Kwa Jumamosi, mwombe mkuu wa shule ufunguo wa darasa la nyuma kabisa. Huenda usiende hata kila wiki. Ufunguo ukiwa mfukoni, ndiyo swichi ya pili hiyo.

Sheria ipo, nisikufiche. Kanuni za kudhibiti kelele Uganda za mwaka 2003 ziliweka desibeli 50 mchana na 35 usiku kwa makazi, na 55 mchana na 45 usiku mahali makazi yamechanganyika na biashara, usiku ukihesabiwa kuanzia saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na maofisa wa mazingira wa wilaya ndio wenye kazi hiyo. Lakini kanuni hizi zinauma mahali kelele ina mwenyewe anayeshikika, kama baa au karakana. Barabara kuu inayobeba mizigo ya nchi nzima utamshtaki nani? Na afisa akija Naluwerere na kipimo chake, kitu cha kwanza atakachokisikia saa saba usiku ni kompresa ya mumeo. Fikirini vizuri kabla ya kupiga simu. Linalowezekana ni kumwona mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, yeye na mumeo wawaombe madereva wanaolala hapo wazime injini na wapige soga upande wa pili wa barabara. Madereva wanamjua mumeo, wanamhitaji. Neno lake litakwenda mbali kuliko barua ya mwanasheria.

Sasa la kuhama, ambalo naona ndilo mnalogombana kweli. Kilomita tatu si lazima. Sauti ya barabara inapungua takriban desibeli tatu kila umbali unapoongezeka mara mbili. Kutoka mita kumi kwenda ishirini unapata tatu, jambo dogo. Lakini ukiendelea kuzidisha, arobaini, themanini, mia moja sitini, mia tatu ishirini, umeshuka kama kumi na tano, na hapo sijahesabu nyumba zilizo katikati, ambazo zenyewe ni ukuta. Nyumba iliyo nyuma ya safu mbili au tatu za majengo, mita mia mbili au tatu kutoka lami, inaweza kukupa sehemu kubwa ya unachokitafuta kijijini, na mumeo anatembea dakika tano kufika kwenye tairi zake. Mteja wa usiku atampigia simu, au atamkuta kijana wa zamu. Mpelekee hilo, usimpelekee kilomita tatu. Jaribuni kwanza chumba cha nyuma hadi mitihani yako iishe. Kama bado husomi, anzeni kutafuta nyumba ya safu ya tatu, na siku ya kwenda kuiangalia nenda usiku, na simu yako mkononi.

Nimebakiza P.4 wako, na hawa ndio wananikosesha raha zaidi kuliko wewe. Huko Barcelona waliwafuatilia watoto 2,680 wa miaka saba hadi kumi katika shule 38, matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Katika shule zenye kelele kubwa ya magari, uwezo wa mtoto wa kushika mambo kichwani huku akiyafanyia kazi ulikua polepole zaidi ndani ya mwaka, na umakini vilevile. Kelele ya nyumbani kwao haikuonyesha hivyo. Utafiti mwingine mkubwa, uliofanywa karibu na viwanja vya ndege vya Amsterdam, Madrid na London na kutolewa mwaka 2005, ulikuta ndege zinaharibu usomaji lakini magari hayakuonyesha madhara hayo, kwa hiyo si kila kitu kimekubaliwa. Mimi naamini sauti ya malori yanayokatika kwenye tuta inafanana na ndege kuliko inavyofanana na barabara tulivu ya mji wa Ulaya, lakini hayo ni maoni yangu.

Shuleni hamwezi kuhamisha barabara. Mnaweza kuhamisha masomo. Kusoma kwa ufahamu, imla na mazoezi ya hesabu za kichwa yafanyike vyumba vya nyuma, hata kama ni kwa kupokezana na P.2. Kuimba na kazi za mikono zije mbele. Watoto wasiosikia vizuri, na wale wanaosoma kwa lugha ambayo si ya nyumbani kwao, wakae mbali na dirisha na karibu na wewe, kwa sababu wao neno likimezwa na lori hawawezi kulikisia. Na lori likipita, nyamaza. Usipandishe sauti kushindana nalo, subiri lipite, kisha irudie sentensi nzima tangu mwanzo. Mwambie mkuu wa shule kwamba mitihani ya majaribio ya P.7 isifanyiwe upande wa barabara. Hilo ni la kuhamisha madawati tu, na wanafunzi wenyewe watayabeba.